Tezi dume: daktari wa pili wa nini?

Baba mdogo alirudi kutoka hospitali na bahasha ya kaki, akaisokomeza chini ya mto. Ndani mlikuwa na PSA 7.8, kipimo cha damu cha tezi dume, na majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye tezi: saratani ya tezi dume, Gleason 3+3, yaani alama ya saratani ya polepole. Daktari wa upasuaji alishampangia tarehe. Mama mdogo akataka waende kwa daktari mwingine. Kaka za baba mdogo wakasema ugonjwa hausubiri vikao.

Kabla ya kubishana, tujue tunaongelea nini. Kwa wengi wetu "tezi dume" ni jina la kila kitu. Tezi hukua kwa uzee tu, bila saratani, na mara nyingi vidonge kama tamsulosini hutosha, au hukwanguliwa kupitia njia ya mkojo. Saratani ni habari nyingine, nayo iko ya polepole na iko ya mbio.

Kwa ile ya polepole, mama mdogo ana hoja nzito. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uligawa wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi: wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine kufuatiliwa tu. Miaka 15 baadaye, katika kila kundi takriban 97 kati ya 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo. Upasuaji uliwaachia wengi mkojo unaovuja na jogoo asiyewika. Ila kwa waliofuatiliwa, saratani ilisambaa kwa 9 kati ya 100, karibu mara mbili ya wenzao, na zaidi ya nusu waliishia kutibiwa. Tena karibu wote walikuwa Wazungu, wakati saratani hii huwapata zaidi wanaume weusi. Na kufuatiliwa maana yake kurudi kupima kila baada ya miezi kadhaa. Asiye na nauli ya kurudi hafuatiliwi, ametelekezwa.

Daktari wa pili ana maana akiwa wa fani tofauti. Mpasuaji huona kisu, wa mionzi huona mashine yake. Kwa hiyo aliyetoka kwa mpasuaji aende kwa madaktari wa mionzi wa Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, asiende kwa mpasuaji mwenzake. PSA nayo irudiwe kama kulikuwa na maambukizi ya mkojo, kwani huipandisha; finasteride, dawa ya kupunguza tezi iliyokua, huishusha karibu nusu. Muhimu kuliko yote, vile vioo vya darubini vyenye kinyama visomwe upya na mtaalamu mwingine wa patholojia, yaani msomaji wa vinyama.

Lakini kwenye mabenchi ya kliniki nimeona wazee wameficha mfuko wa kukingia mkojo chini ya msuli, wamezunguka kwa madaktari watatu na waganga wawili. Mkojo ukiziba, au mgongo ukiuma na miguu ikalegea, hakuna cha maoni ya pili. Ni kukimbilia hospitali. Saratani ikishasambaa, swali kubwa ni sindano za homoni miaka yote au kutolewa korodani mara moja. Zote hukata homoni ya kiume, ya pili ni nafuu kwa mfuko, na wanaume huikimbia. Hilo ni la kuzungumza na mkeo.

Baba mdogo alisomewa vioo upya: 3+4. Si ya polepole kama ilivyoandikwa mwanzo, ila wiki tatu za kuzunguka hazikumharibia kitu. Alichagua mionzi. Kaka zake mpaka leo wanasema angekatwa siku ileile.