Chakula cha Jioni kwa Nabucco

Kabla sijaeleza kilichotupata Verona, ni haki nikiri kwamba hakuna aliyenichagua kuwa mkalimani. Nilijichagua mwenyewe, tena bila kupingwa.

Tulikuwa watatu kutoka kwaya ya parokia yetu hapa Kamalondo, Lubumbashi. Wa kwanza ni Mama Prezidenti, kiongozi wa kwaya, ambaye amekuwa mkatekista kwa zaidi ya miaka 20 na anaijua Biblia kama wengine wanavyojua bei ya unga sokoni. Wa pili ni Papa Trezorie, mtunza fedha wetu, mtu asiyeweza kununua andazi bila kuomba risiti. Wa tatu ni mimi, ninayeitwa Mwalimu kwa sababu nilifundisha Kifaransa katika sekondari, na kwa sababu hadi leo ndimi ninayepunga mkono mbele ya waimbaji siku za Jumapili. Parokia moja ya Ubelgiji yenye undugu na yetu huandaa kila kiangazi safari ya wazee wapenda muziki, ambao huzunguka kwa basi pamoja na kiongozi wao wakitazama opera na michezo ya kuigiza, na mwaka ule viti vitatu vilikuwa vitupu. Wakatualika. Wao walilipa sehemu kubwa, sisi tukajaza iliyobaki kwa likelemba, yaani mchango wetu wa zamu, na Papa Trezorie akafungua daftari jipya kwa ajili ya safari hiyo peke yake.

Barua ya mwaliko ilitaja Italia, Verona, usiku mbili katika uwanja wa Arena, na jina moja nililolifahamu: Aida, opera ya mtunzi Verdi. Yawezekana ilitaja na jingine, lakini macho yangu yalipofika pale yalitua, yakakataa kuendelea. Aida ni rafiki yangu wa ujana, kwa maana fanfari ya shule niliyosomea ilikuwa ikipiga ule mwendo wake wa ushindi kila siku ya kugawa vyeti, na mimi nilikuwa mpiga ngoma kubwa. Nikaisoma hadithi yote kwa mwezi mzima: binti mfalme wa Ethiopia yuko utumwani Misri, anapendana na Radamès, jemadari wa maadui wa baba yake, Amneris, binti wa Farao, anamtaka jemadari huyohuyo, na mwishoni Radamès anafungiwa kaburini akiwa hai, asijue kwamba Aida amekwisha kujificha humo ili afe pamoja naye. Niliwasimulia wenzangu mara nyingi hata Papa Trezorie akauliza kama, kwa kuwa sasa tunajua kila kitu, haingekuwa nafuu kubaki nyumbani.

Ndege yetu ilipitia Addis Ababa. Niliwasimamisha wenzangu kwenye dirisha la uwanja wa ndege, nikawaonyesha milima kwa kidole, nikasema, "Hapa ndipo kwao." Mama Prezidenti akainamisha kichwa kwa heshima, kana kwamba msiba ulikuwa wa juzi.

Nitaje pia mizigo, kwa sababu itahusika baadaye. Ilikuwa mwezi wa Julai. Kila mtu wa Lubumbashi anajua kwamba mwezi huo asubuhi ni baridi ya kuuma meno na kwamba tone la mvua halijaonekana tangu mwezi wa tano, kwa hiyo tulibeba masweta, na miavuli mitatu niliyoiweka mlangoni ilirudishwa kabatini na Papa Trezorie kwa maneno haya: "Mvua ya mwezi wa saba iko wapi? Tunalipia kilo bure." Tuliteremka Italia katika joto la kuyeyusha mishumaa.

Kiongozi wa safari alikuwa bibi mwembamba, mpole, mwenye kipaza sauti kilichokoroma. Desturi yake ilikuwa kueleza kwanza kwa Kiflamandi, kwa ajili ya wazee 40 waliojaza basi, kisha kurudia kwa Kifaransa kwa ajili yetu watatu. Siku ya kwanza, huko Milano, nilimwonea huruma. Nikamwendea, nikamwambia kwa Kifaransa changu cha darasani kwamba asijisumbue kurudia, kwa kuwa mimi ni mtu wa muziki na nitawaeleza ndugu zangu kwa Kiswahili. Akanishukuru kwa mikono miwili. Tangu saa ile, kila aliposhika kipaza sauti chake, mimi nami niligeuka nyuma kitini nikaanza kuhubiri, na sote wawili tukawa tunazungumza kwa wakati mmoja, mimi nikiwa mkalimani wa kwanza duniani asiyehitaji kumsikiliza anayemfasiri.

Tulisimama mbele ya La Scala, jumba la opera lililofunguliwa mwaka 1778, na hapo bibi yule alizungumza kwa muda mrefu. Neno moja lilirudi na kurudi katika Kiflamandi chake: Nabucco. Nabucco hivi, Nabucco vile, kesho jioni Nabucco. Wazee walitabasamu, na mmoja wao alifumba macho na kupapasa tumbo lake. Nikakata shauri kwamba jambo linaloweza kuwafurahisha wazee kiasi kile haliwezi kuwa jingine ila chakula.

"Kesho, baada ya opera," nikawatangazia wenzangu, "tutakula kwa Nabucco."

"Amelipwa?" akauliza Papa Trezorie, kalamu mkononi.

"Amekwisha kulipwa. Kila kitu kimo katika safari."

Akaandika: Nabucco, bure.

Matokeo yake ni kwamba siku iliyofuata, Verona, wazee walipoketi mkahawani saa kumi na mbili jioni kula piza, Mama Prezidenti alikunywa maji tu. Alisema hawezi kumkosea heshima Nabucco kwa kufika kwake akiwa ameshiba.

Uwanja wa Arena ulijengwa na Warumi katika karne ya kwanza, nao umepasuliwa na tetemeko la mwaka 1117 hata ukuta wake wa nje ukabaki kipande kimoja tu chenye matao manne. Opera ilianza kuimbwa humo kila kiangazi mwaka 1913, katika kumbukumbu ya miaka 100 tangu Verdi azaliwe, na opera ya kwanza kabisa ilikuwa Aida. Hili la mwisho nililijua, na ndilo lililonimaliza: nilidhani watu walioanza na Aida huendelea na Aida. Maelfu ya watu hukaa juu ya ngazi za mawe, na mawe hayo, yaliyokunywa jua tangu asubuhi, saa tatu ya usiku bado ni ya moto kama mbabula iliyoondolewa sufuria sasa hivi. Palikuwa na mito ya kukalia ya kukodi. Papa Trezorie aliuliza bei, akaduwaa, kisha akatukalisha juu ya masweta. Ndiyo kazi ya kwanza ambayo masweta yale yalifanya barani Ulaya.

Mwanamke aliyevaa mavazi ya kale alitoka akapiga upatu, umati ukawasha vishumaa vidogo, na Mama Prezidenti akafanya ishara ya msalaba. Nami nikainama katikati yao, nikaanza kazi.

Nataka msomaji anielewe: hadithi zile mbili zinafanana kwa namna ambayo ingempoteza hata mtu mwenye akili. Walitokea watu wenye majonzi ndani ya hekalu, na katikati yao binti mfalme wa kigeni aliyeshikwa mateka. "Huyo ni Aida," nikanong'ona. Akatokea kijana anayempenda. "Radamès." Akaingia mwanamke mwenye hasira na upanga, anayemtaka kijana yuleyule. "Amneris, niliwaambia." Akatokea pia mzee mwenye ndevu na fimbo. "Kuhani mkuu wa Misri." Hatimaye akaingia mfalme na jeshi lake, akiwa juu ya farasi wa kweli. "Baba yake Aida, mfalme wa Ethiopia, amekuja kumkomboa mwanawe." Na kweli alikuwa baba yake! Binti wa mfalme, jemadari, mpinzani, kuhani, baba: kila mtu alikaa mahali nilipomweka. Sijawahi kufasiri vizuri namna ile maishani mwangu.

"Mwalimu," akasema Mama Prezidenti polepole, "mbona Wamisri hawa wana kinara cha matawi saba?"

"Walikiiba," nikajibu.

Akanyamaza. Ulikuwa unyamavu wa mkatekista anayesubiri mtoto amalize kudanganya.

Katika sehemu ya pili mfalme alisimama katikati ya jukwaa, akapaza sauti kwa kiburi, na ghafla ukapiga mwanga mkubwa na ngurumo, taji ikamwanguka kichwani. Papa Trezorie alishtuka, akaniuliza kama huku nako umeme hukatika. Nilisema ndiyo, ni hitilafu ndogo. Lakini mfalme hakuinuka kama mtu aliyepatwa na hitilafu ndogo. Alianza kutambaa, kulia na kutazama hewani, naye Amneris wangu akaiokota taji akajivika mwenyewe. Katika Aida niliyoisoma hapakuwa na jambo la namna hiyo hata kidogo. Nikaeleza kwamba mfalme wa Ethiopia amechoka na safari.

"Amerukwa na akili," akasema Mama Prezidenti.

"Kidogo."

"Mfalme aliyejiita Mungu, akarukwa na akili." Alikuwa akihesabu kwa vidole. "Danieli, sura ya nne."

Mzee wa Kiflamandi aliyekaa mbele yetu alitugeukia akatoa ule mluzi wa meno ambao hauhitaji mkalimani. Nikashukuru kimoyomoyo.

Kisha wakaja waimbaji wengi, wakaketi chini kando ya mto, wakaanza kuimba taratibu, wote kwa sauti moja, wimbo ambao hata sisi tuliozoea kwaya hatukujua pa kuweka mikono yetu. Walipomaliza, uwanja mzima ulinguruma kuomba warudie, nao wakarudia. Mama Prezidenti alikuwa analia. Hakuwa anaelewa neno hata moja la Kiitaliano, lakini aliona watumwa, aliona mto, akajisemea kwa sauti ya kusoma misa ya kwanza: "Kando ya mito ya Babeli, ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni." Kisha akajipangusa macho, akanigeukia.

"Mwalimu. Babeli ilihamia Misri lini?"

Sikujibu. Mzee wa mbele, ambaye bila shaka alitaka tu amani, alimpa kijitabu chake, ambacho upande mmoja kilikuwa cha Kifaransa. Mama Prezidenti alikisogeza karibu na kishumaa. Alisoma jalada. Alisoma ukurasa wa kwanza, unaoeleza kwamba opera hii iliimbwa mara ya kwanza pale pale La Scala tarehe 9 Machi 1842, kwamba ndiyo iliyompatia Verdi jina, na kwamba kichwa chake ni kifupisho cha Nabucodonosor, yaani Nebukadneza. Alikifunga kijitabu. Alinitazama kwa muda ambao, kwa mizani ya muziki, ningeuita kituo kirefu.

"Mwalimu," akasema, "ule mkahawa wetu unaimba tangu saa tatu."

Papa Trezorie alihitaji kuelezwa. Alipoelewa, hakucheka. Aliuliza jambo moja: "Kwa hiyo chakula hakipo?" Hakikuwepo. Tulitoka uwanjani baada ya saa sita ya usiku, jiko la hoteli likiwa limefungwa, tukala biskuti alizobeba Mama Prezidenti kutoka Lubumbashi kwa ajili ya ndege, huku yeye akitaja kwa sauti bukari, sombe na samaki, kimoja kimoja, pasipo haraka, akiniangalia.

Asubuhi uliitishwa mkutano wa wajumbe watatu ndani ya basi. Nilivuliwa ukalimani kwa kura mbili dhidi ya moja, na kiongozi wa safari akaombwa kuanza tena kurudia kwa Kifaransa. Bibi yule alishangaa. Alidhani tulikuwa tukimfuata vizuri sana, kwa jinsi nilivyokuwa nikisema kwa bidii.

Jioni hiyo ilikuwa zamu ya Aida. Aida ya kweli, ile yangu. Nilikaa kimya kama nilivyoagizwa, lakini ndani nilikuwa nikichemka: kila aliyetokea alikuwa ndiye, kila neno lilikuwa mahali pake, na katika sehemu ya pili, tarumbeta zile ndefu zilipolia mwendo wa ushindi, nilisimama bila kujua, mkono wangu wa kulia ukipiga ngoma isiyokuwepo. Mama Prezidenti alinivuta shati, lakini niliona ameanza kulainika. "Basi Mwalimu, huyu kweli ni Mwethiopia," akasema. "Sasa tulione hilo kaburi."

Tone la kwanza lilianguka juu ya daftari la Papa Trezorie.

Wapiga fidla ndio waliotangulia kukimbia, kila mmoja akiwa amekumbatia chombo chake kama mama aliyebeba mtoto, kisha filimbi, kisha wanajeshi wa Misri. Maelfu ya watu walifungua miavuli. Sisi tulijifunika masweta. Tulingoja pale zaidi ya saa nzima, hadi sauti ikatangaza kwa lugha kadhaa kwamba usiku umekwisha. Hivyo Radamès alibaki mshindi, Aida alibaki hai, na kaburi halikufunguliwa. Njiani nilijaribu kueleza sehemu ya tatu na ya nne. "Ile ni bongo, Mwalimu," akasema Mama Prezidenti kwa upole, na sisi wa Lubumbashi tunajua kwamba neno hilo halihusu ubongo bali uongo.

Tuliporudi, kwaya ilitaka taarifa. Mama Prezidenti aliieleza Nabucco kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na aya za Biblia, akapigiwa vigelegele. Kisha nikapewa dakika tano za Aida. Nilipofika kwenye kaburi, sauti za kwanza zikacheka, za pili zikauliza nani mwingine aliyeliona. Papa Trezorie aliandika kumbukumbu za mkutano, nazo zimo kabatini hadi leo kwa yeyote anayetaka kuzisoma: "Mwalimu anadai walizikwa hai. Mama Prezidenti anasema mvua ilinyesha. Mwavuli mmoja ununuliwe."