Kirarámuri: tahajia moja au tano?

Kirarámuri, ambacho wengi nje wanakijua kama Kitarahumara, husemwa katika milima ya Sierra Madre Occidental, jimboni Chihuahua, Meksiko. Sensa ya 2020 ilipata wasemaji wapatao 90,000. Orodha rasmi ya serikali ya mwaka 2008 ilitaja lahaja tano: ya magharibi, ya kaskazini, ya vileleni, ya kati na ya kusini. Ubishi wa shuleni unaanzia hapo: tahajia iwe moja, au kila lahaja ijiandikie?

Wanaotaka moja wanaangalia mfuko. Lahaja tano ni kuhariri mara tano na kuchapa mara tano, kwa wasomaji wachache waliotawanyika mabondeni. Mwalimu naye anaweza kupangiwa kijiji ambacho lahaja yake haisemwi. Sheria ya 2003 inazitambua lugha za asili kuwa lugha za taifa sawa na Kihispania, ila sheria haichapi vitabu.

Wanaopinga wanasikiliza sauti, na hoja yao ni nzito zaidi. Watu hawa hujiita Rarámuri, Ralámuli au Rarómari, kutegemea mahali. Kuna lahaja zinazodondosha silabi ya mwanzo isiyo na mkazo. Kwingine irabu inayofuata mkazo humezwa. Mtoto anayesoma kwa kulinganisha herufi na anachosikia nyumbani hukwama, kisha hudhani mjinga ni yeye. Tena kuna toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Utafiti uliofanywa Choguita, jamii moja ya Rarámuri, umeonyesha toni tatu kwenye silabi yenye mkazo, lakini alama ya á tayari imetumika kuonyesha mkazo wenyewe. Mzawa wa milimani hukisia kwa muktadha. Aliyekulia Ciudad Juárez, jiji lililo mbali na milima hiyo, atakisia kwa lipi?

Kwetu sisi, kosa ni kuchanganya herufi na matamshi. Herufi ziwe za pamoja: k badala ya c na qu za Kihispania, apostrofi kwa sauti inayokatwa kooni. R au l iachiwe wenyeji, na jalada litaje lahaja. Kabla ya kuchapa, watoto wa bonde jingine wasome nakala kwa sauti. Wanapokwama wengi, neno hilo liwekewe umbo la pili pembeni.

Hata hivyo, nawésari, hotuba ya kiongozi wa jamii aitwaye siríame, hutolewa kwa mdomo, na karatasi nyingi za nje ya darasa ni za Kihispania. Tungeanza na maelekezo ya dawa zahanati: vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku. Hapo kasoro ya tahajia itaonekana mapema kuliko kwenye kitabu cha hadithi.