Nani Anashika Unga Kambini?

Katika makundi mengi ya skauti ya shule zetu za Kenya, kiongozi wa patroli, yaani kijana anayeongoza kikosi kidogo ndani ya kundi, ana kila alama ya uongozi isipokuwa kazi yenyewe. Ana skafu iliyopigwa pasi, ana beji kifuani, ana kibendera chenye picha ya chui au tai, na pengine ana cheti cha kozi ya mwisho wa wiki. Lakini kambi itapigwa wapi, watu watakula nini, nani atashika zamu ya usiku, hayo yote mwalimu mlezi ameshayaamua kabla basi halijatoka getini. Je, mlezi anakosea? Wapenzi wa skauti ya asili watajibu ndiyo bila kufikiri mara mbili. Nami niko upande wao kwa sehemu kubwa, ila wepesi wao unanikera, maana mwalimu naye ana hoja zake na si za uvivu.

Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, Agosti 1907, aliwagawa wavulana wapatao 20 katika patroli nne, kila moja na kiongozi wake kijana. Watoto wa shule za matajiri walichanganywa na watoto wa kawaida wa mjini. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mtu mzima awafunze wale wanne, kisha hao wanne wawaongoze wenzao. Roland Philipps, kamishna wa skauti mashariki mwa London aliyeuawa vitani Somme mwaka 1916, aliushikilia mfumo huo kwa ukali zaidi. Kwake yeye bila patroli hakuna skauti. Patroli ni watoto sita hadi wanane, na viongozi wao hukaa kikao chao na mlezi, wakapanga ratiba, wakaamua fedha ndogo za kundi zitumikeje, wakazungumza hata mambo ya nidhamu.

Mbegu ya wazo hili ilitoka mahali pasipopendeza sana. Mji wa Mafeking, Afrika Kusini, ulipozingirwa na Makaburu kati ya 1899 na 1900, Baden-Powell akiwa kamanda wa walinzi wake, wavulana walivalishwa sare wakapewa kazi ya kupeleka ujumbe, wakiongozwa na sajini meja wao, Warner Goodyear, mvulana wa miaka kama 13. Habari hiyo husimuliwa kwa fahari hadi leo. Ukiigeuza upande wa pili, unaona watu wazima waliopungukiwa na askari wakawatumia watoto. Tabia hiyo haijaisha. Siku ya sherehe za kitaifa utawakuta skauti uwanjani tangu alfajiri, wamepangwa mstari juani waelekeze umati, na mtu kwenye kipaza sauti anasema hao ndio viongozi wa kesho. Wanachojifunza pale ni subira, na hiyo nayo ina faida yake.

Tatizo la kwetu lina mzizi mwingine. Uingereza kundi la skauti lilikua nje ya shule, kwenye kumbi za makanisa na za mitaa, jioni, chini ya mtu ambaye watoto hawakumwona darasani. Kwetu skauti kwa sehemu kubwa ni chama cha shule, na kiongozi wake ni mwalimu. Mtu yuleyule aliyekuchapia alama nyekundu kwenye daftari la hesabu asubuhi ndiye anayekuja saa kumi na kukwambia, haya, leo wewe ndiye unayeamua. Mtoto hamwamini, na hana kosa. Kwa hiyo kiongozi wa patroli anageuka kiranja aliyevaa skafu. Anapanga mistari, anahesabu watu, anaandika majina ya waliochelewa, halafu anapeleka ripoti ofisini.

Kiranja ana mamlaka yanayotoka ofisi ya walimu, na wenzake wanalijua hilo. Nyeri, mji alikozikwa Baden-Powell mwaka 1941 na ambako skauti hukusanyika kila Februari kumkumbuka, unabeba pia kumbukumbu nyingine. Mei 1999, katika shule ya upili ya mji huo, viranja wanne waliuawa baada ya wanafunzi wenzao kuwachomea ndani ya chumba chao cha kulala usiku. Ni tukio la kutisha, na sitaki kulifanya hoja nyepesi. Lakini baada ya miaka ya migomo na moto mabwenini, hata serikali iliona kwamba uongozi wa kuteuliwa kutoka juu una gharama. Mwaka 2009 Kenya ikaundiwa baraza la wanafunzi wa shule za sekondari, na wazo la wanafunzi kuwapigia kura viongozi wao likaanza kuenea.

Wengine wakaona dawa ya skauti nayo ni kura. Sidhani. Katika kanuni za zamani za Uingereza kiongozi wa patroli aliteuliwa na mkuu wa kundi. Marekani leo vijana ndio wanaochagua. Njia zote mbili zimewahi kutoa viongozi wazuri na vibaraka. Ninachokitazama mimi ni kinachotokea baada ya uchaguzi, na kipimo changu ni chakula.

Ukienda kambini, angalia jikoni. Katika kambi nyingi kuna sufuria moja kubwa, mpishi wa shule amekuja nayo kwenye gari, na saa ya kula watoto wanapanga foleni na sahani zao kupokea ugali na maharage. Patroli zipo kwenye karatasi tu. Sasa angalia kambi ambayo kila patroli imepewa unga wake, sukuma wiki, kitunguu, chumvi, mafuta kidogo na kibiriti, ikaambiwa chakula cha jioni na cha asubuhi kimo humo. Hapo kiongozi wa miaka kumi na minne anakutana na mambo ambayo hakuna kozi itakayomfundisha. Kuna mmoja anasema yeye hajawahi kuokota kuni na hataanza leo. Kuna mwingine anajua kupika kuliko kiongozi, na ni mdogo, na ni msichana, na wavulana wawili hawataki kumsikiliza. Unga ukimwagwa wote usiku, asubuhi hakuna uji. Ugali ukitoka mbichi katikati, watu saba wanamtazama yeye. Kiranja angeandika majina. Huyu hana pa kuyapeleka, kwa hiyo analazimika kuzungumza, kugawa kazi upya, kuomba radhi, kumwachia yule msichana mwiko. Kesho yake watu wanamwangalia kwa jicho jingine, na yeye mwenyewe amejifunza asubuhi moja kitu ambacho gwaride la muhula mzima halikumpa.

Upande wa mwalimu sasa. Sufuria moja inatumia kuni chache kuliko mioto sita. Shule haina sufuria sita ndogo, na mzazi aliyechanga pesa za kambi kwa tabu hataki kusikia kwamba mwanawe alilala na nusu sahani ili ajifunze uongozi. Kuna visu, kuna maji ya moto, kuna mto ng'ambo ya kilima. Mtoto akizama, hakuna atakayemhoji kiongozi wa patroli. Ataitwa mlezi, ataitwa mwalimu mkuu, na polisi watakuja. Na kuna jambo ambalo wapenzi wa mfumo wa patroli hulipita haraka mno, nalo ni kwamba vijana huonea wenzao. Yeyote aliyewahi kuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni anajua maana ya kukabidhiwa kwa mkubwa asiyetazamwa na mtu. Ukimpa kijana mamlaka juu ya hema la wadogo saba, ukaenda kulala, huenda umempa nafasi ya kuwafanya watumwa wake.

Hoja hii ya usalama imepata nguvu kutoka Marekani. Chama cha skauti cha wavulana cha nchi hiyo kilikimbilia ulinzi wa sheria ya kufilisika mwaka 2020 kwa sababu ya madai ya unyanyasaji wa kingono. Waliojitokeza kudai walizidi 82,000, na fidia iliyokubaliwa ni dola bilioni 2.46. Mzazi akisoma takwimu hizo, jibu lake la kwanza ni kutaka watu wazima wengi zaidi, karibu zaidi, muda wote.

Lakini tusome madai hayo vizuri. Kilio kikubwa kilikuwa juu ya watu wazima waliopata faragha na watoto, huku vyama vikinyamaza. Ndiyo maana kanuni ya msingi ya ulinzi katika skauti leo inataka watu wazima wasiopungua wawili wawepo, na mtu mzima asiwe faraghani na mtoto mmoja. Kanuni hiyo inambana mkubwa. Haimnyang'anyi kijana unga wala haimkatazi kuongoza kikao. Mlezi anayesema hawezi kuwaachia vijana kazi kwa sababu ya usalama wa watoto anachanganya mambo mawili. Asimamie mto, asimamie visu, apite kwenye mahema usiku akiwa na mwenzake, awe na njia ya mtoto mdogo kulalamika bila kupitia kwa kiongozi wake. Hiyo ni kazi yake kweli. Kuamua kama kitunguu kitangulie au nyanya si kazi yake.

Kuhusu mafunzo, nina malalamiko madogo. Tuna mapenzi makubwa na kozi. Walimu wanapelekwa kwenye Wood Badge, mafunzo ya walezi wa skauti yaliyoanza katika kituo cha Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919, na pale, kwa busara kabisa, watu wazima huwekwa kwenye patroli ili waonje mfumo wenyewe. Wanarudi shuleni na shanga mbili shingoni na kuendelea na sufuria moja. Vijana nao wanapelekwa kozi ya viongozi wa patroli, kambi ya skauti ya Rowallan kwa walio Nairobi au mahali pengine, wakafundishwa mafundo, huduma ya kwanza, historia na kupiga saluti. Ni mambo mazuri. Ila kijana anarudi hajawahi kuendesha kikao cha dakika ishirini chenye watu wasiokubaliana, wala hajaambiwa afanye nini mwenzake akimgomea mbele ya watu. Mafunzo hayo hayapatikani mwisho wa wiki. Yanapatikana kila wiki, nusu saa, mlezi akiwa na viongozi wake peke yao, wakisimuliana kilichoharibika.

Walimu hujibu kwamba hawana muda huo. Mimi naona hesabu inawageukia. Mwenye watoto 48 hawezi kuwafundisha wote vizuri saa kumi jioni baada ya vipindi vyake. Akiwa na viongozi sita, anaweza. Mtihani ndio kikwazo kigumu zaidi, kwa sababu kijana anayeanza kuiva huondolewa kwenye skauti mwaka wake wa mwisho aende kusoma, na patroli inaanza upya na mtoto asiyejua kitu. Hapo ningependekeza kila kiongozi awe na msaidizi anayepika, anayeongoza kikao na anayekosea naye kwa mwaka mzima kabla ya kupokea kibendera.

Kinachobaki kubishaniwa ni nani mwenye haki ya kumvua kiongozi aliyeshindwa. Walezi wengi wanataka haki hiyo ibaki kwao. Mimi ningeiacha kwenye kikao cha viongozi wenyewe, mlezi akiwa na turufu moja tu, ya pale kijana anapowaumiza wadogo, na hata hiyo aieleze mbele ya kikao kwa nini ameitumia.