Karibu, Mwingereza Wangu

Bomba la jikoni liliamua kupasuka wiki hiihii mama mkwe yuko kwetu. Fundi kaja, kajibana chini ya sinki, nje zimebaki ndala tu. Mara sauti ikatoka kule chini: "Dogo! Yule malaya yuko wapi? Mlete haraka, hii namba 17 hainitoshi!"

Mama mkwe akaweka kikombe chini taratibu. "Mwanangu, kwani humu ndani mnaishi wangapi?"

Jamani, spana ya kukaza na kulegeza kwa kidole gumba, lazima iitwe jina hilo? Eti kwa sababu haichagui nati. Wajerumani wana adabu zao: kuna spana ya aina hiyo wanaiita Engländer, yaani Mwingereza. Fundi wa kule ananyoosha mkono, "nipe Mwingereza," na mkwe wa mwenye nyumba anaendelea na chai yake. Waturuki, Waitaliano na Wahispania wao wanasema ufunguo wa Kiingereza. Wapolandi wakaona bora wampe Mfaransa.

Fundi wangu akaomba elfu kumi ya washa, akatoka, mpaka leo. Wafaransa wanasema huko ni kuondoka Kiingereza: unayeyuka shughulini bila kumuaga mtu. Warusi nao husema hivyohivyo. Ukimuuliza Mwingereza mwenyewe, anaruka, huko ni kuondoka Kifaransa! Majirani wametenganishwa na maji ambayo pale pembamba hayazidi kilomita 35, na kila mmoja anamsukumia mwenzake utovu wa adabu. Sisi wa huku tulimwona kwa macho. Tanganyika mwaka 1961 hakutoroka, aliaga kwa sherehe, bendera yake ikashushwa usiku wa manane uwanja umejaa watu.

Mimi huo uondokaji wa Kiingereza ningeupokea kwa mikono miwili. Kwetu kuaga ni kazi ya kutwa. Unasema "haya jamani, sisi twende," unajibiwa "hata chai hamjanywa?" Unasimama, stori zinaendelea umesimama. Mnasindikizwa hadi mlangoni, na mlangoni ndipo inapoanza habari ya mgonjwa wa Muheza, tangu alipoanza kukohoa. Bodaboda imeshawashwa, mke wangu kapanda, kafunga na kilemba, bado anaulizwa: "Na yule mdogo wako, yuko darasa la ngapi?" Anashuka kujibu! Darasa la tano mtu hawezi kulisema akiwa juu ya pikipiki?

Wabrazili nao wana msemo wao: kwa ajili ya Mwingereza kuona. Wengi huurudisha kwenye sheria ya 1831 ya kupiga marufuku kuingiza watumwa, iliyotungwa ili kuiridhisha Uingereza, huku meli zikiendelea kushusha watu kwa maelfu. Hapo sina utani. Lakini msemo ulibaki kwa kila kitu cha kuzugia, na nyumba yangu wiki hii ni Brazili tupu. Vikombe vya kabatini, ambavyo mimi sijawahi hata kuvigusa, vimetoka. Pazia jipya. Nimeamriwa nivae shati ndani ya nyumba ninayolipia kodi mwenyewe, na joto hili la Dar! Mwingereza wetu ametoka Tanga na khanga zake mbili, anakagua mpaka chini ya vitanda.

Ila wanaonifurahisha ni Wafaransa wa zamani. Kwao "Mwingereza" lilikuwa pia jina la mtu anayekudai. Na walidaiwa kweli: mfalme wao Jean alitekwa vitani Poitiers mwaka 1356, fidia ya kumkomboa ikapangwa sarafu za dhahabu milioni 3. Milioni 3! Mimi nina sukari, mchele na vocha tu, lakini jinsi Mangi wa dukani anavyonitazama, utadhani mfalme ninaye mimi.

Jana jioni kapita. Mama mkwe yuko barazani, pa kukimbilia hakuna, nikamlaki kwa sauti kubwa: "Karibu, Mwingereza wangu!" Akafurahi mno, hajawahi kupewa heshima kama hiyo mtaani kwetu. Akavuta kiti kando ya mama mkwe, akaletewa chai kwenye kikombe cha kabatini, akanywa mpaka mwisho, kisha akafungua daftari na kuanza kusoma kwa sauti, toka Januari.