Ngoma Imebaki, Wachezaji Wamehama

Kila mwaka, mwishoni mwa Agosti, mafundi huingia Notting Hill, magharibi mwa London, wakiwa na mbao na misumari. Wanaziba madirisha ya maduka, milango ya vioo, hata uzio wa zile nyumba za rangi ya waridi na samawati ambazo watalii huzipiga picha mwaka mzima. Wenye nyumba wengi wanafunga na kwenda zao. Kisha kanivali inaingia: zaidi ya watu milioni moja kwa siku mbili, malori yenye spika kubwa kama makabati, bendi za mapipa ya chuma, manyoya na jasho. Jumanne mafagio yanapita, mbao zinabanduliwa, wenyewe wanarudi. Wengi kati ya waliocheza hawajawahi kulala katika mtaa ule. Walikuja kwa treni, wakaondoka kwa treni.

Ajabu ni kwamba sherehe hii ni ya mtaa wenyewe. Mwaka 1958 vijana wa kizungu waliwavamia wahamiaji wa Karibi waliokuwa wakiishi pale. Miezi michache baadaye, Januari 1959, Claudia Jones, mwandishi wa habari na mwanaharakati mzaliwa wa Trinidad, aliandaa kanivali ya ndani ya ukumbi huko St Pancras ili watu wake wainue tena vichwa. Mwaka 1966 Rhaune Laslett, aliyekuwa akifanya kazi za kijamii Notting Hill, aliandaa sherehe ya watoto wa mtaa. Wapigaji wa mapipa ya chuma wakatoka nayo barabarani, na barabara ikafuata. Wakati huo nyumba zile zilikuwa zimekatwakatwa vyumba, na familia nzima ikijibana katika kimoja. Jina la mwenye nyumba mmoja wa hapo, Peter Rachman, limeingia katika kamusi za Kiingereza kwa maana ya kuwakamua wapangaji.

Leo Rachman angeziona bei za nyumba zile akakosa usingizi kwa majuto. Kanivali ipo, tena kubwa kuliko yoyote ya aina yake Ulaya. Walioianzisha, na wajukuu wao, kwa sehemu kubwa hawapo.

Kwa hiyo swali linaloulizwa katika kila mji ambao mitaa yake ya watu wa chini inapanda bei si la mzaha: matamasha, mikutano ya hadhara, bustani za pamoja na michoro ya ukutani vinaulinda mtaa, au vinaupamba ili uuzwe?

Jambo lenyewe lilipewa jina mwaka 1964, na ni London hiyohiyo. Mwanasosholojia Ruth Glass aliona watu wa tabaka la kati wakinunua nyumba kuukuu katika mitaa ya wafanyakazi, wakizikarabati, na mwisho mtaa mzima ukibadilika sura na wakazi. Akaliita kwa neno ambalo kwetu limeingia kama jentrifikesheni, ingawa mazungumzoni utasikia tu kwamba mtaa umepanda. Ndani ya neno hilo kuna wawili: anayefurahi kwa sababu ana hati, na anayehesabu siku kwa sababu ana mkataba wa mwaka mmoja.

Nianze na upande wa wanaozitetea harakati hizi za mtaani, kwa sababu hoja yao hudharauliwa na watu ambao hawajawahi kukaa katika mkutano wa wapangaji. Tuseme ni jioni, viti vya plastiki vimepangwa uwanjani, spika moja inakoroma. Watoto wanachorwa nyuso za simba. Pembeni kuna meza yenye daftari la majina. Mpangaji mmoja anatoa bahasha ya notisi mfukoni ili amwonyeshe mtu wa mezani. Jirani yake anaichungulia, kisha anacheka kicheko kisicho na furaha: na yeye anayo, tarehe ileile, jina la wakili lilelile. Kufikia saa mbili usiku wamehesabu bahasha kumi na moja, na hapo ndipo wanapogundua kwamba wale "wenye nyumba" sita wanaowalipa kodi ni kampuni moja.

Ugunduzi wa namna hiyo hauji kwa mtu aliyejifungia chumbani na barua yake. Mpangaji mmoja mwenye notisi ana aibu. Kumi na mmoja wana kesi. Na watu hawaji kwenye mkutano wa kesi, wanakuja kwa sababu mtoto anataka uso wa simba. Huu ndio utumishi wa tamasha ambao mabango yake hayausemi: linawakutanisha watu kabla hawajajua kwamba wanahitajiana.

Liko na la pili. Mtaa usiokuwa na sauti huelezwa na wengine, na maelezo hayo mara nyingi huanza na "pale hapakuwa na kitu". Mwekezaji anapofika kwenye kikao cha mipango miji na michoro yake ya minara, hoja yake ya kwanza ni kwamba eneo limekufa. Watu elfu mbili waliojaa barabarani mwezi uliopita ni ushahidi wa kinyume chake, na diwani anayetaka kuchaguliwa tena anajua kuhesabu vichwa.

Sasa wanaozibeza. Hoja yao kali kuliko zote inatoka New York, na inawauma wanaharakati kwa sababu imejengwa juu ya kazi yao nzuri. Kuanzia miaka ya 1970, wakazi wa mitaa iliyotelekezwa ya jiji lile walivamia viwanja vilivyojaa matofali na takataka wakavigeuza bustani. Mwaka 1999 meya Rudolph Giuliani alipotaka kupiga mnada zaidi ya bustani 100, maandamano na fedha za mashirika ya hisani ziliziokoa. Ushindi mtamu. Lakini watafiti Ioan Voicu na Vicki Been, katika utafiti uliochapishwa 2008, walipima bei za nyumba zilizo karibu na bustani hizo na kukuta zimepanda. Katika mitaa maskini kabisa, ndani ya miaka mitano tangu bustani ifunguliwe, tofauti ilifikia asilimia 9.4.

Isome tena taratibu. Aliyepanda mchicha na maua amempandishia thamani mwenye jengo la ng'ambo ya barabara, naye mpandaji ni mpangaji wa jengo hilo. Hakuna aliyefanya hila. Hivyo ndivyo ardhi inavyofanya kazi: uzuri unaozalishwa na wengi hukusanywa na mwenye hati. Dalali halazimiki hata kutunga uongo. Anapiga picha ya mchoro wa ukutani uliochorwa kupinga madalali, anauweka kwenye tangazo, na kuandika "mtaa wenye uhai".

Kuna wapinzani wengine ambao hawana shida na sherehe yenyewe, wana shida na neno "hapana". Wanasema harakati za mtaani, zikishapata nguvu, huzuia kila jengo, na mji usiojenga ni mji ambao maskini wa kesho hana pa kuingia. Hapa mfano mzito ni Berlin. Uwanja wa ndege wa Tempelhof ulifungwa 2008, na mwaka 2010 ukawa bustani ya umma ya zaidi ya hekta 300. Serikali ya jiji ikapanga kujenga takriban nyumba 4,700 pembezoni na kuiacha sehemu kubwa ya katikati. Wakazi wakapinga, wakakusanya sahihi, na tarehe 25 Mei 2014 kura ya maoni ikaamua kwa asilimia 64.3: pasijengwe chochote. Leo watu wanarusha tiara, wanaendesha baiskeli kwenye njia za kurukia ndege, wanalima kwenye masanduku ya mbao. Ni mahali pa kupendeza mno. Na katika Schillerkiez, mtaa unaopakana na uwanja, kodi zilipanda.

Nakiri kwamba mfano huu umenisumbua. Wapiga kura wale walikuwa na sababu ya kutoiamini serikali yao: nyumba ngapi kati ya hizo zingekuwa za kodi nafuu, na kwa miaka mingapi? Imani ikishavunjika, "hapana" ndiyo silaha pekee iliyo mkononi. Lakini nyumba 4,700 ni nyumba 4,700. Utafiti wa Brian Asquith, Evan Mast na Davin Reed kuhusu miji ya Marekani ulionyesha kwamba majengo makubwa mapya katika maeneo ya kipato cha chini yalishusha kodi za jirani kwa karibu asilimia 6 ikilinganishwa na ambavyo zingekuwa. Wanaharakati wengi hawataki kuyasikia matokeo haya. Na wanaoyashangilia husahau kwamba asilimia 6 haimsaidii mtu ambaye jengo lake ndilo lililobomolewa kupisha jengo jipya.

Lipo jambo jingine ambalo pande zote mbili huliruka. Mwaka 2004 Lance Freeman na Frank Braconi walichapisha utafiti kuhusu New York ya miaka ya 1990, wakaona kwamba kaya maskini katika mitaa iliyokuwa ikipanda hazikuhama zaidi ya kaya maskini za kwingine. Zilihama kidogo zaidi. Wenye kubeza walishangilia. Lakini mtu maskini kwa kawaida huhama mara kwa mara, na mtaa wake hubaki wa maskini kwa sababu anayemrithi chumba ni mtu kama yeye. Mtaa ukipanda, mlango wa kutoka unabaki ulivyokuwa na wa kuingia ndio unaofungwa. Bibi anang'ang'ania chumba chake hadi mwisho. Mjukuu wake ndiye anayekwenda kupanga mwendo wa saa nzima kutoka pale, akarudi siku ya kanivali.

Hapa ndipo naona udhaifu halisi wa harakati za matukio. Tamasha linawaita waliopo, na mkutano unahesabu mikono ya waliopo. Yule ambaye hajafika, ambaye angehitaji kodi nafuu miaka kumi ijayo, hana kiti uwanjani wala jina daftarini. Anayeweza kumwekea nafasi ni hati peke yake.

Coin Street inaonyesha ilivyo kazi hiyo. Ukanda huo uko London, kusini mwa mto Thames, karibu na kituo cha Waterloo. Katika miaka ya 1970 ulikuwa umechakaa, wakazi wakipungua, na wawekezaji wakitaka kujenga ofisi na hoteli. Mwaka 1977 wakazi waliunda kikundi cha kupinga. Walipiga kelele, ndiyo, lakini pia walichora mpango wao wenyewe: nyumba, bustani, njia ya kutembea kando ya mto. Walikaa kwenye vikao vya uchunguzi wa mipango ambavyo vingemlaza hata mlinzi, miaka kadhaa. Mwaka 1984 mwekezaji alijitoa, na Baraza la London Kuu, ambalo lilikuwa upande wa wakazi, likawauzia ekari 13 kwa pauni milioni 1. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu masharti yaliyofungwa kwenye ardhi ile yalizuia isitumike kwa kingine. Leo pana nyumba 220 za ushirika, na bustani iliyopewa jina la mmoja wa waliopigania.

Tusijidanganye lakini. Miaka miwili baadaye baraza hilo lilivunjwa na serikali kuu. Wakazi wa Coin Street walipita kwenye mlango uliokuwa unafungwa, na makundi mengi yenye bidii kama yao yamefika yakakuta umeshafungwa. Tena nyumba 220, katika jiji la watu karibu milioni 9, ni tone. Mtu akiniambia kwamba mfano huu haufuatiki kirahisi, nitakubali. Ninachokataa ni kuufananisha na tamasha ambalo mafanikio yake yote ni picha nzuri na deni la kukodi jukwaa.

Kama ningeulizwa na kamati ya mtaa iwekeze wapi nguvu zake, ningesema sherehe iendelee, ila kila sherehe iwe na meza moja ya kuchosha: nani anamiliki jengo gani, mkataba wa nani unaisha lini, kiwanja gani cha umma kinakaribia kuuzwa. Meza hiyo ikikosekana, wanaobeza wana haki. Ikiwepo, hata sherehe ya watu hamsini inatosha. Ningewaonya pia kuhusu wafadhili. Kampuni ya ujenzi inayojitolea kulipia spika haijatoa sadaka, na wanaharakati wanaokataa fedha hizo wanaitwa wenye misimamo mikali na watu ambao mwezi ujao watapokea mwaliko wa uzinduzi wa mnara.

Notting Hill yenyewe iliwahi kuvishika vyote viwili, sherehe na hati. Mwaka 1963, kabla ya kanivali kushuka barabarani, mchungaji Bruce Kenrick alianzisha mfuko wa kununua nyumba zile chakavu na kuzipangisha kwa bei ya kuvumilika. Na mwaka 1968, katika uwanja wa Powis, palikuwa na bustani iliyofungwa kwa uzio huku watoto wa vyumba vilivyojaa wakicheza barabarani. Wanaharakati walikuja kwa shangwe, baadhi wamevaa mavazi ya wanyama kama watu wa maigizo, wakaung'oa uzio. Baadaye halmashauri ikaichukua bustani na kuifanya uwanja wa michezo. Waliovaa mavazi yale bila shaka walichekesha. Lakini nyumba zilizouzunguka uwanja ule zimebadilisha wenyeji mara nyingi tangu hapo, na watoto bado wanaingia bila kumwomba mtu ufunguo.