Siku databesi ilipomtaja mwenyekiti

Siku ya kuvunja kikoba haina utani, watu washapanga hela kichwani ada za Januari zote zimeshalipwa, pilau iko jikoni inanukia, mimi ndo fundi wa sistimu nimekaa mbele na laptopu, nafungua orodha ya mgao inakuja Error 1064, you have an error, near 'groups'.

Katibu wetu mwalimu mstaafu, Kiingereza ndo chake, akavaa miwani akatafsiri bila hata kuombwa: "Inasema mna kosa, na kosa lenyewe liko karibu na kikundi."

Weee! "Si nilisema hela zinaliwa!" Macho yote kwa mweka hazina, na yeye maskini alikuwa anakata kachumbari, kisu kikabaki hewani. Mwenyekiti ndo kashupalia kuliko wote, anataka mkoba wa mama wa watu ukaguliwe hapohapo.

Kumbe usiku wenye seva walipandisha MySQL, ile programu ya databesi inayotunza data zetu, toka toleo la 5.7 kwenda 8.0, kimyakimya. Hiyo 8.0 iliyotoka 2018 ilijichukulia maneno mapya kibao yakawa mali ya lugha yenyewe, groups na rank yamo, ukiita tebo (jedwali la data) au kolamu yake jina hilo bila kulizungushia vile vimkato vya kulalia kushoto inakugomea. Na aliyetengeneza sistimu kabla yangu tebo aliiita groups, kavukavu. Dawa ni hivyo vimkato tu, viko pale chini ya Esc pembeni ya 1, ila kwenye laptopu ya kikoba hicho kitufe kuna mjukuu wa mtu alishakinyofoa zamani, kimebaki kimpira tu, ikabidi niwe nakidunga na kijiti cha meno huku watu wananikodolea kama mganga anayepiga ramli.

Ikakubali. Vigelegele. Nikabonyeza sasa ile sehemu inayompa kila mtu nafasi yake, nani kaweka nyingi zaidi, pwaa, ingine tena: near 'rank = 1'.

Mwalimu akasogea. Akasoma kimoyomoyo, akavua miwani, akaifuta na shati, akavaa tena.

"Sasa inasema kosa liko karibu na... mwenye cheo. Namba moja."

Kimya. Mwenyekiti akakohoa, akasema jamani hizi mashine za kuziamini sana hizi, mtu hawezi kuhukumiwa na kompyuta, tuzime tule kwanza pilau linapoa.

Mweka hazina akaweka kisu chini, akavuta kiti mpaka mbele kabisa.

"Mwalimu, hebu endelea kusoma."