Kujidhibiti kwa Mwanachuo katika Somo la Afya: Mzigo wa Nani?

Mwanafunzi anapoingia chuoni, kwa kawaida anajua tayari kwamba usingizi, mazoezi na mlo kamili ni nguzo za afya. Alifundishwa hayo tangu shule ya msingi. Kinachobadilika ni kwamba hakuna tena kengele, mzazi wala mwalimu wa zamu, na kwa wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kujipangia siku nzima wenyewe. Ndiyo maana wahadhiri wengi wa masomo ya afya wanasisitiza kujidhibiti: mwanafunzi ajiwekee malengo, afuatilie mwenendo wake, ajitathmini, kisha ajirekebishe. Msimamo huo una uzito, lakini una upungufu ambao haufai kufumbiwa macho.

Uzito wake unaonekana wazi zaidi katika afya kuliko katika masomo mengine. Mtu anaweza kukariri kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, akapata alama zote kwenye mtihani, na wiki hiyo hiyo asitembee hata dakika 20. Maarifa ya namna hiyo yameishia kwenye karatasi. Barry Zimmerman, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba anayejiongoza katika kujifunza hupitia hatua tatu zinazojirudia, yaani kupanga kabla ya kutenda, kujifuatilia wakati wa kutenda na kutafakari baadaye, na somo la afya likikosa hatua hizo hubaki kuwa orodha ya makatazo. Upo pia ushahidi wa miaka mingi. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti waliwafuatilia watu wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba walioweza kujidhibiti zaidi utotoni walikuwa na afya bora walipofika umri wa miaka 32, hata baada ya uwezo wao wa akili na hali ya kiuchumi ya familia zao kuzingatiwa.

Wanaopinga msisitizo huu wana hoja ambayo ni vigumu kuipuuza. Majaribio maarufu ya mwanasaikolojia Walter Mischel katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambamo mtoto alitakiwa kuchagua kati ya kitu kitamu kimoja papo hapo na viwili akisubiri, yalitumiwa kwa miaka mingi kudai kwamba subira ya utotoni hutabiri mafanikio ya baadaye. Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta uhusiano huo ni dhaifu kuliko ilivyodhaniwa, na ulipungua sana mazingira ya nyumbani ya mtoto yalipozingatiwa. Kwa mwanachuo, mazingira hayo ni ratiba yenye vipindi hadi usiku, kazi tatu za kukusanywa wiki moja, bweni lenye kelele na, kwa baadhi, ajira ya usiku ya kulipia karo. Kumwambia kijana wa namna hiyo kwamba hana nidhamu kwa sababu halali vya kutosha ni kumbebesha lawama ya mambo asiyoyapanga yeye. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986, tamko la kimataifa kuhusu kukuza afya, ulishasema kwamba afya hujengwa katika mazingira ya kila siku ya watu, pale wanapojifunza, wanapofanya kazi na wanapocheza.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka kujidhibiti kuondolewe kabisa kwenye somo. Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni namna kunavyofundishwa. Chukua daftari la kumbukumbu za afya ambalo mwanafunzi hutakiwa kulijaza kwa wiki nne. Mara nyingi linapofika kwa mhadhiri lina wino mmoja na mwandiko wa haraka ule ule kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na usingizi wa saa nane umeandikwa kila siku, hata usiku wa kuamkia mtihani. Limejazwa kwa mkupuo mmoja. Alama zikitolewa kwa daftari lililojaa, mwanafunzi atajifunza kulijaza. Afadhali zitolewe kwa uchambuzi: ni siku gani mpango ulivunjika, nini kilitangulia, na nini kitabadilishwa wiki ijayo.

Uchambuzi huo unalingana na yale ambayo wanasaikolojia Brian Galla na Angela Duckworth waliyaonyesha mwaka 2015, kwamba wanaojidhibiti vizuri hawashindi kwa kupigana na vishawishi kutwa nzima, bali hutegemea mazoea waliyokwisha kuyajenga. Mazoea nayo hutaka muda. Katika utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2010, washiriki walihitaji kati ya siku 18 na 254 ili tendo jipya liwe la kawaida, na kiwango cha katikati kilikuwa siku 66, kwa hiyo zoezi la wiki nne huisha kabla wengi hawajafika nusu ya safari. Lengo moja dogo la muhula mzima, lililofungwa kwenye wakati maalumu, kwa mfano “nikitoka kipindi cha mwisho cha Jumanne, nitakwenda uwanjani kabla ya kurudi bwenini,” lina faida kuliko malengo kumi ya wiki nne.

Daftari la kweli lina kazi nyingine ambayo vyuo huisahau. Likionyesha, bila majina, kwamba darasa zima lilipoteza usingizi katika wiki ile ile, hapo hakuna tena udhaifu wa mtu mmoja wa kujadili. Mhadhiri ana ushahidi wa kupeleka kwenye kikao cha kupanga ratiba, na waliouzalisha ni wanafunzi waliojifuatilia kwa uaminifu.